Goti Nusu, kwa Saruji au Bila Saruji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, na mara nyingi zaidi na watoto wao wanaowasindikiza kliniki, baada ya kuambiwa kwamba goti litabadilishwa sehemu tu na kwamba kuna namna mbili za kukifunga kipandikizi, yaani kiungo bandia kinachowekwa gotini. Anayelijua goti lako ni daktari aliyekupima. Majibu haya ni ya kukuandaa uzungumze naye ukiwa na maneno ya kutosha.

## Mambo ya msingi

Kubadilisha sehemu ya goti kunatofautianaje na kubadilisha goti zima?

Goti lina vyumba vitatu: cha ndani, yaani upande unaotazamana na goti la pili, cha nje, na cha mbele, chini ya kilegesambwa. Kwa watu wengi gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, huanza kulika chumba cha ndani, na kwa baadhi yao uharibifu hubaki humo humo kwa miaka mingi. Katika upasuaji wa sehemu ya goti, ambao hapa tutauita goti nusu, daktari hubadilisha chumba kilicholika peke yake. Huweka kofia ndogo ya chuma kwenye mwisho wa mfupa wa paja, kisahani cha chuma juu ya mfupa wa muundi, na kipande cha plastiki ngumu katikati. Ligamenti zote, yaani kano zinazounganisha mfupa na mfupa, hubaki, zikiwemo zile mbili za msalaba zinazopishana katikati ya goti. Kwenye goti zima, vyumba vya ndani na nje hubadilishwa vyote, mara nyingine na kilegesambwa, na ligamenti moja ya msalaba au zote mbili huondolewa.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao TOPKAT, uliochapishwa mwaka 2019, uligawa wagonjwa 528 kwa bahati nasibu kati ya goti nusu na goti zima, ukawafuatilia kwa miaka mitano. Maumivu na uwezo wa kutembea vilikuwa karibu sawa, na gharama ya goti nusu kwa jumla ilikuwa ndogo kuliko ya goti zima. Kumbukumbu za kitaifa za nchi hiyo zinaonyesha pia kwamba goti nusu huambatana na vifo, viharusi, maambukizi na kuongezewa damu kwa kiwango kidogo kuliko goti zima. Upande wa pili, goti nusu hurudiwa mara nyingi zaidi. Mjadala wa saruji umezaliwa hapo, kwa sababu kulegea kwa kipandikizi ni moja ya sababu kuu za kurudia upasuaji.

Saruji ya mifupa ni nini? Ndiyo ile ya kujengea?

Hapana, hazihusiani. Saruji ya mifupa ni aina ya plastiki ya akriliki, ya ukoo mmoja na ile inayotengenezewa ufizi wa meno ya bandia. Huja kama unga na kimiminika. Vikichanganywa chumbani mwa upasuaji vinakuwa uji mzito, kisha donge la kukandika, kisha vinatoa joto na kuwa vigumu kama jiwe ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano hivi. John Charnley, daktari wa Uingereza, ndiye aliyeieneza kwenye nyonga bandia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester.

Wengi hudhani ni gundi. Haigandishi chuma kwenye mfupa kama gundi inavyofanya. Inajipenyeza kwenye vitundu vidogo vya mfupa ikiwa bado laini, na ikishakauka humo haitoki. Kwa hiyo mfupa lazima uoshwe damu na mafuta, ukaushwe, na saruji ikandamizwe vizuri kabla muda haujaisha. Chumba chenye joto hufupisha muda huo, na timu za upasuaji za ukanda wa pwani hulazimika kulizingatia hilo pale kiyoyozi kinapozidiwa.

Bila saruji, kitu gani kinakishikilia kipandikizi?

Kwanza ni kubana. Tundu na mfereji vinavyochongwa kwenye mfupa hufanywa vyembamba kidogo kuliko vishikizo vya kipandikizi, hivyo kikigongwa taratibu kinakaa kwa nguvu, kama kigingi kilichopigwa kwenye ardhi ngumu. Siku ya upasuaji hicho ndicho kinachokishikilia.

Baadaye mfupa wenyewe huchukua kazi. Upande wa chuma unaogusa mfupa umepakwa titani yenye matundu madogo, na juu yake haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na yale yaliyomo kwenye mifupa yetu. Seli za mfupa hukua na kuingia kwenye matundu hayo. Kazi huanza ndani ya wiki chache na kuendelea kwa miezi. Mshikamano huo ukikamilika ni wa mfupa ulio hai, unaojikarabati, na hapo ndipo ilipo nguvu ya mbinu hii.

Mbona kwa miaka mingi ilikuwa saruji tu?

Kwa sababu majaribio ya mwanzo ya kufunga goti nusu bila saruji hayakwenda vizuri. Vipandikizi vingine vililegea mapema, na madaktari wakarudi kwenye walichokiamini.

Kilichobadilisha mambo ni goti la Oxford, lililobuniwa na daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor. Lilianza kutumika miaka ya 1970, na kuanzia mwaka 1982 likawa likitumika kwa chumba cha ndani peke yake. Plastiki yake haijafungwa kwenye kisahani; inateleza mbele na nyuma kadiri goti linavyokunjwa. Kwa kuwa inateleza, haivuti chuma kando sana. Mzigo mwingi hushuka moja kwa moja kuelekea kwenye mfupa na kuukandamiza, na mfupa unaokandamizwa hukua vizuri kuelekea kwenye chuma. Toleo lisilo na saruji lilianza kutumika mwaka 2004, na leo sehemu kubwa ya ushahidi tulio nao kuhusu goti nusu bila saruji unatokana nalo. Kumbuka jambo hilo. Goti nusu la muundo mwingine, hasa lile ambalo plastiki yake imefungwa kwenye kisahani, kwa kawaida husimikwa kwa saruji, na huwezi kuhamishia takwimu za Oxford huko.

Nitahisi tofauti nikitembea?

Hapana. Umbo la kipandikizi ni lile lile, plastiki ni ile ile, kovu ni lile lile. Tofauti imefichika mahali chuma kinapokutana na mfupa.

## Ushahidi: kudumu, kulegea, kuvunjika

Kipi kinadumu zaidi?

Kwa goti la Oxford, lisilo na saruji limeonyesha kudumu zaidi kidogo. Uingereza ina rejista ya kitaifa ya viungo bandia iliyoanza kukusanya taarifa mwaka 2003. Watafiti walichukua kutoka humo magoti 7,407 yasiyo na saruji na kuyalinganisha na 7,407 yenye saruji, ya watu waliofanana umri, jinsia na hali nyingine. Baada ya miaka kumi, takriban 93 kati ya kila 100 yasiyo na saruji yalikuwa hayajarudiwa, dhidi ya takriban 91 yenye saruji. Waliorudiwa kwa sababu ya kulegea bila maambukizi walikuwa asilimia 0.42 upande wa bila saruji na asilimia 1.00 upande wa saruji.

Zisome namba hizo kwa utulivu. Kati ya watu 1,000, saruji iliwalegea kama kumi, na bila saruji kama wanne. Ni tofauti ya kweli, lakini takriban mia tisa na tisini au zaidi katika kila kundi hawakurudiwa kwa tatizo hilo. Kuna jambo jingine lenye uzito mkubwa kuliko saruji, nalo ni idadi ya magoti nusu ambayo daktari wako hufanya kwa mwaka. Katika rejista hiyo hiyo, madaktari wanaofanya machache huwa na marudio mengi zaidi, kwa saruji na bila saruji. Mimi ningechagua daktari mzoefu mwenye saruji kabla ya daktari asiye mzoefu mwenye kipandikizi cha kisasa, na nasema hivyo bila kusitasita.

Eksirei inaonyesha mstari mweusi chini ya chuma. Goti limelegea?

Swali hili limewapeleka watu wengi kwenye meza ya upasuaji bila sababu, kwa hiyo lisome jibu lote.

Kwenye goti nusu lililofungwa kwa saruji, mara nyingi huonekana mstari mwembamba mweusi kati ya saruji na mfupa wa muundi. Ukiwa na unene wa milimita moja hadi mbili, kingo zake zimenyooka, na chini yake kuna mstari mweupe wa mfupa mgumu, huo ni wa kawaida. Ni tabaka la tishu laini lililojitengeneza hapo. Hauhusiani na maumivu wala si dalili ya kulegea. Katika utafiti mmoja wa Oxford uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja mistari hiyo ilionekana kwa magoti 24 kati ya 32 yenye saruji, na kwa mawili tu kati ya 30 yasiyo na saruji. Wenye mistari hawakuwa wakiumwa zaidi.

Shida huanza pale mgonjwa anapolalamika maumivu, labda ya misuli au ya kawaida ya miezi ya mwanzo (tazama swali la maumivu hapa chini), akapigwa picha, na daktari asiyezoea magoti nusu akauona mstari. Anasema kimelegea, na kipandikizi kizuri kinatolewa. Watafiti wengi wanaamini kwamba sehemu ya faida ya kutotumia saruji inatoka hapa: picha zake ni safi, hivyo hakuna cha kumtia daktari wasiwasi.

Mstari wa kuhofia ni ule unaozidi milimita mbili, wenye kingo zisizoeleweka, au unaopanuka picha baada ya picha. Chuma kilichohama au kuinama ni dalili nzito zaidi. Ndiyo maana picha ya kwanza baada ya upasuaji inapaswa kutunzwa. Ukiambiwa kimelegea kwa sababu ya mstari peke yake, omba maoni ya daktari wa pili anayefanya magoti nusu.

Hatari kubwa ya kutotumia saruji ni ipi?

Kuvunjika kwa mfupa wa muundi chini ya kisahani, aidha wakati wa upasuaji au katika wiki chache za mwanzo. Katika ulinganisho uliotajwa juu, waliorudiwa kwa kuvunjika mfupa karibu na kipandikizi walikuwa asilimia 0.26 bila saruji na asilimia 0.10 kwa saruji. Ni nadra, ila ni zaidi ya mara mbili.

Sababu zake zinaeleweka. Kishikizo kinapogongwa kwenye mfereji mwembamba, mfupa hupanuliwa. Ikiwa msumeno uliokata wima ulishuka kupita kiasi upande wa nyuma, au kishikizo kimekaa karibu mno na ukuta wa mfupa, ufa unapata pa kuanzia. Hatari huwa kubwa zaidi kwa watu wenye mfupa mdogo wa muundi, hasa wanawake wafupi, na kwa wale ambao sehemu ya ndani ya mfupa huo imetokeza nje kama kibaraza. Taarifa nyingi za aina hii zimetoka Japani na nchi nyingine za Asia, ambako saizi ndogo za kipandikizi hutumika sana. Mwanamke mwembamba wa Afrika Mashariki mwenye mifupa midogo ana haki ya kumuuliza daktari swali hili waziwazi.

Daktari makini hutumia nyundo ndogo na mapigo mepesi, na akiona mfupa hautabiriki hubadili uamuzi pale pale mezani na kuchanganya saruji. Huo ni uamuzi mzuri, na ukiamka ukaambiwa hivyo usihisi umepunjwa.

Na saruji ina hatari zipi zake?

Kulegea baada ya miaka, kama ilivyoelezwa. Pia vipande vya saruji iliyofurika vinaweza kubaki nyuma ya goti, mahali pasipoonekana kirahisi kupitia kidonda kidogo, vikasababisha maumivu au kuikwaruza plastiki. Mara chache sana shinikizo la damu hushuka ghafla wakati saruji inakandamizwa. Tukio hilo linajulikana zaidi kwenye nyonga, na mtaalamu wa usingizi hujiandaa nalo.

Nasikia saruji ina dawa ya kuua bakteria. Basi si ni salama zaidi kwa maambukizi?

Saruji nyingi huchanganywa na antibiotiki iitwayo jentamaisini, na hiyo ni faida yake. Lakini kinga kuu dhidi ya maambukizi ni antibiotiki inayodungwa kwenye mshipa kabla ya kukata ngozi, usafi wa chumba, upasuaji usiochukua muda mrefu, na sukari iliyodhibitiwa kwa mwenye kisukari. Hizo hufanyika kwa njia zote mbili. Maambukizi ya ndani kwenye goti nusu ni machache, na sidhani yanapaswa kuwa sababu ya kuchagua upande.

## Nani anafaa

Nitajuaje kama goti langu linafaa kubadilishwa nusu?

Uliza hili kabla ya kuuliza saruji. Goti linalofaa limelika chumba kimoja hadi mfupa unagusana na mfupa, ligamenti ya msalaba ya mbele ni nzima, gegedu ya upande wa pili ni nene, na mpindo wa mguu unaweza kunyooshwa daktari akiusukuma kwa mkono. Eksirei za kawaida za kusimama hazitoshi kila mara. Picha inayopigwa huku goti likisukumwa kando humwonyesha daktari hali ya upande wa nje.

Gegedu ikiwa imekonda tu na bado haijaisha, usikubali haraka. Watu wa kundi hilo mara nyingi hubaki na maumivu baada ya upasuaji, na wala saruji wala ukosefu wake hautawasaidia.

Nina zaidi ya miaka sabini na mifupa yangu ni myepesi. Saruji ni lazima?

Umri peke yake haulazimishi. Wazee wengi wamewekewa goti nusu bila saruji na mfupa ukashika vizuri. Kinachoangaliwa ni ubora wa mfupa. Mwenye udhaifu mkubwa wa mifupa, aliyewahi kuvunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kuanguka kidogo, au anayetumia dawa za steroidi muda mrefu, madaktari wengi watamwelekeza kwenye saruji, kwa sababu inasambaza mzigo na haihitaji kugongwa kwa kubana. Mweleze daktari dawa zako zote, pamoja na zile za dukani.

Mimi ni kijana, au nina uzito mkubwa. Je?

Mwaka 1989 madaktari wawili wa Marekani waliandika masharti yaliyowakataza walio chini ya miaka 60 na wenye zaidi ya kilo 82 kuwekewa goti nusu. Masharti hayo yalifuatwa kwa miongo kadhaa na bado utayasikia. Matokeo ya goti la Oxford yameonyesha kwamba si lazima kuyafuata kwa aina hiyo ya kipandikizi. Kwa kijana mwenye mfupa imara ningeegemea bila saruji, kwa kuwa ana miaka mingi mbele na mfupa ulioota kwenye chuma ndio mshikamano wa muda mrefu. Uzito mkubwa hauondoi njia yoyote, ila huongeza hatari za kidonda na za damu kuganda.

Nina baridi yabisi inayoshambulia viungo vingi, au siko seli.

Baridi yabisi ya aina hiyo hushambulia kiungo chote, kwa hiyo goti nusu kwa kawaida halifai na swali la saruji linahamia kwenye goti zima. Kwa siko seli, mfupa unaweza kuwa umekosa damu sehemu fulani, na maambukizi huwa tishio zaidi. Mtaalamu wa damu na daktari wa mifupa wanapaswa kukaa pamoja kabla ya uamuzi.

Ngozi yangu inawashwa na hereni za bei rahisi. Chuma kitanidhuru?

Mwambie daktari. Vipandikizi vingi vya goti ni vya aloi ya kobalti na kromu yenye chembe ya nikeli, vyenye saruji na visivyo na saruji vilevile. Mzio wa ngozi haumaanishi goti litakataa, na wengi wenye mzio huo huishi na goti bandia bila shida.

Lililolika ni chumba cha nje.

Hali hii ni adimu zaidi. Goti la upande wa nje lina mwendo mpana, plastiki inayoteleza huweza kutoka mahali pake kirahisi zaidi, hivyo madaktari wengi hutumia plastiki iliyofungwa na saruji. Mengi yaliyoandikwa hapa yanahusu chumba cha ndani.

## Upasuaji na kupona

Upasuaji upi ni mfupi?

Usio na saruji, kwa sababu hakuna kungoja ikauke wala kusafisha iliyofurika. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliotajwa kwenye swali la mstari mweusi, ulikuwa mfupi kwa dakika tisa hivi.

Nisubiri mfupa uote ndipo nikanyage?

Hapana, isipokuwa daktari akikuelekeza hivyo kwa sababu maalumu, kwa mfano akiwa na shaka ya ufa. Kwa njia zote mbili wagonjwa husimama siku ile ile au kesho yake, kwa magongo au fremu, na kuweka uzito kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha ni yale yale. Ukiwa huna saruji, wiki sita za mwanzo epuka kuruka, kubeba mizigo mizito, na hasa kuanguka. Ondoa mikeka inayoteleza na uweke taa njia ya kwenda msalani.

Miezi miwili imepita na bado naumwa upande wa ndani, chini kidogo ya goti. Nihofu?

Maumivu ya sehemu hiyo ni ya kawaida kwa njia zote mbili. Mfupa unazoea mzigo mpya, na huchukua miezi, kwa wengine karibu mwaka, kutulia. Yakiwa yanapungua mwezi hata mwezi, vumilia na uendelee na mazoezi.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki ukiwa na maumivu makali ya ghafla yanayokuzuia kukanyaga, hasa wiki za mwanzo na hasa kama huna saruji (tazama swali la hatari ya kutotumia saruji). Vivyo hivyo ukiona mguu unapinda upya, kidonda kinatoa maji au usaha, una homa, au shavu la mguu limevimba na linauma. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, nenda dharura usiku huo huo.

Nitaweza kusujudu, kuchuchumaa, kutumia choo cha shimo?

Wengi wenye goti nusu hukunja vizuri kuliko wenye goti zima, kwa kuwa ligamenti zao zimebaki. Kupiga magoti hakukiharibu kipandikizi, cha saruji au kisicho na saruji. Huwa kunakera kwa sababu ya kovu na ganzi ya ngozi, na mazoezi juu ya mto laini kuanzia pale kidonda kinapopona husaidia sana. Wengi hurudi kwenye sijida. Wengine huendelea kuswali wakiwa kwenye kiti, na sheria imewapa ruhusa.

Kuchuchumaa kabisa ni habari nyingine. Goti likikunjwa hadi mwisho huku limebeba mwili wote, plastiki inayoteleza inaweza kusukumwa kutoka mahali pake. Tafuta kiti cha choo cha kuwekwa juu ya shimo kabla ya siku ya upasuaji.

Ninatibiwa nje ya nchi. Kuna la kuzingatia?

Wengi kutoka kwetu huenda India. Safari ndefu ya ndege baada ya upasuaji wa goti huongeza hatari ya damu kuganda, na madaktari wengi hushauri kuiahirisha kwa wiki kadhaa, hata hadi miezi mitatu. Asiyeweza kukaa muda huo apewe mpango wa dawa za kuzuia damu kuganda kwa maandishi. Kwa aliyewekewa goti bila saruji naongeza ushauri wangu: usiondoke kabla ya eksirei ya pili, kwa sababu kisahani kikizama au mfupa ukipata ufa, mara nyingi huonekana katika wiki za mwanzo, na ni afadhali uonekane na aliyekupasua.

## Gharama na uamuzi

Kipi ni ghali?

Kipandikizi kisicho na saruji kwa kawaida kina bei ya juu kwa sababu ya upakaji wake. Saruji nayo ina gharama zake: pakiti yenyewe, vifaa vya kuchanganyia, na dakika za chumba cha upasuaji. Omba mchanganuo wa maandishi, na uulize bima yako mapema kama inakubali aina iliyotajwa.

Daktari wangu ana saruji tu. Nisubiri nipate isiyo na saruji?

Ikiwa goti linafaa na daktari ni mzoefu, sioni sababu ya kusubiri. Saruji imebeba magoti nusu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hata Marekani, yenye vifaa vya kila aina, goti la Oxford lisilo na saruji liliidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo wagonjwa wake wa Oxford walifungiwa kwa saruji.

Nimuulize daktari nini hasa?

Anafanya magoti nusu mangapi kwa mwaka. Kati ya wagonjwa wake wa goti, ni wangapi huishia na nusu. Anayefanya mara moja moja huwa na marudio mengi, na tafiti zimeonyesha matokeo kuimarika pale goti nusu linapofikia angalau moja kati ya matano ya kazi yake. Kipandikizi ni cha muundo gani, na takwimu anazokupa ni za muundo huo au wa mwingine. Saizi ndogo zipo? Akikuta mfupa dhaifu mezani, saruji ipo karibu?

Nihifadhi karatasi gani?

Nakala ya stika za kipandikizi zenye jina, saizi na namba ya toleo, maelezo ya upasuaji yanayotaja saruji au ukosefu wake, na eksirei ya kwanza. Malawi ilianzisha rejista yake ya viungo bandia mwaka 2005 na ikawa mfano mzuri kwa ukanda huu. Pale ambapo hakuna rejista, rejista ni wewe. Piga picha za simu na mtumie mwanao.

Kikilegea baadaye, saruji haitakuwa ngumu kuitoa?

Saruji iliyolegea hutoka bila taabu kubwa. Kinyume chake, chuma ambacho mfupa umeota ndani yake hukatwa taratibu kwa msumeno mwembamba, na kazi hiyo inataka subira ili mfupa usipotee. Kwa njia zote mbili marudio mengi huishia kwenye goti zima la kawaida, kwa sababu mfupa ulioondolewa mwanzoni ulikuwa mdogo. Maambukizi au mfupa uliovunjika hufanya marudio kuwa magumu zaidi, na hapo huenda kikahitajika kipandikizi chenye shina refu.

Inawezekana kofia ikawa bila saruji na kisahani kikawa na saruji?

Inawezekana na hufanyika. Daktari mwenye wasiwasi na mfupa wa muundi anaweza kuacha kofia ya paja ibane yenyewe na kutumia saruji chini peke yake, kwa kuwa mivunjiko mingi hutokea chini.

Goti la kulia nilifungiwa kwa saruji miaka iliyopita na liko salama. La kushoto sasa linahitaji upasuaji, lazima yafanane?

Si lazima. Kila goti huamuliwa kwa mfupa wake wa leo, na mfupa wa leo si ule wa miaka kumi iliyopita, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi katika kipindi hicho. Mpelekee daktari picha za goti la kwanza na stika zake. Yakitofautiana, andika wazi kwenye karatasi zako lipi lina saruji na lipi halina, ili atakayesoma eksirei miaka ijayo asiutafsiri mstari wa goti moja kwa vipimo vya lingine.